Tela la kulala linapoitesa pikapu ya nusu tani: dalili, chanzo na tiba

Pikapu ya nusu tani (hilo ni jina la daraja lake tu, si uzito inaobeba), iwe Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500, Ram 1500 au Toyota Tundra, haishindwi kuvuta. Injini za siku hizi zina nguvu, na muuzaji anayekwambia gari hili linavuta pauni 9,000 hakudanganyi. Inachoshindwa ni kubeba. Shingo ya tela, yaani ile pembetatu ya chuma ya mbele yenye mitungi ya gesi na betri, inalalia nyuma ya pikapu, na uzito huo unahesabiwa pamoja na watu, mabegi na kila kilichopakiwa kwenye bodi. Ndugu zetu wengi wa huku Marekani na Kanada hununua tela kwa kuangalia uwezo wa kuvuta peke yake. Wakifika barabarani wanaanza kubadilisha tairi, shokapu na vifaa vya kuzuia kuyumba, na ugonjwa unabaki palepale.

Hapa tutafuata dalili moja baada ya nyingine. Lakini kuna namba za kupata kwanza, maana bila hizo utakuwa unabahatisha kwa pesa zako.

Mlango wa dereva na mizani

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko cha tairi kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Hiyo ndiyo namba ya gari lako wewe. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kupishana kwa mamia ya pauni, kwa sababu paa la kioo, viti vya umeme na mfumo wa magurudumu manne vyote vinakula humo humo.

Tuchukue mfano. Kibandiko kinasema pauni 1,500. Baba, mama na watoto wawili pamoja na mabegi yao ni pauni 600. Kiungo cha kugawa uzito, kile chenye fimbo mbili nene za springi zinazorudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, ni chuma cha kama pauni 100. Tela lenye pauni 6,500 linatakiwa kuweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye shingo. Tuseme 13, ambayo ni pauni 845. Jumla ni 1,545. Umeshapita kikomo, na kuni bado hazijapakiwa. Namba ya kuvuta iliyotangazwa haikukuonya, kwa sababu kipimo kinachotumiwa na viwanda, SAE J2807 cha jumuiya ya wahandisi wa magari, kinakadiria gari likiwa na dereva na abiria mmoja tu, pauni 150 kila mmoja.

Usitegemee pia uzito wa shingo ulioandikwa kwenye karatasi ya tela jipya. Mara nyingi ni wa tela tupu, bila betri wala gesi wala sufuria moja ndani. Maji nayo hayana huruma: galoni moja ni zaidi ya pauni 8, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa ni zaidi ya pauni 330, na kama tangi liko mbele ya ekseli sehemu yake kubwa inashukia shingoni.

Sasa nenda kwenye mizani. Wale mnaoendesha malori makubwa mnazijua CAT Scale zilizopo kwenye vituo vya malori. Zinapokea pikapu na tela vilevile. Pima mara tatu, ukiwa umepakia kama siku ya safari, na familia yote ikiwa ndani:

1. Pikapu na tela, fimbo za kugawa uzito zikiwa zimekazwa.
2. Pikapu na tela, fimbo zimelegezwa.
3. Pikapu peke yake.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme pikapu peke yake ina 3,200 mbele na 2,600 nyuma, jumla 5,800. Ikiwa na tela bila fimbo: 2,900 mbele, 3,700 nyuma, na ekseli za tela 5,650. Pikapu sasa ni 6,600, kwa hiyo shingo inaweka pauni 800. Tela zima ni 800 na 5,650, yaani 6,450, na shingo ni asilimia 12.4. Hapo ni pazuri. Magurudumu ya mbele yamepoteza pauni 300. Fimbo zikikazwa mbele kunarudi hadi 3,080, nyuma 3,420, na ekseli za tela 5,750. Umerudisha 180 kati ya 300. Ihifadhi karatasi hiyo, tutaihitaji chini.

Tela linayumba

Hii ndiyo dalili inayoua, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Dereva wa lori mwenye uzoefu wa miaka anaweza kushangaa kwamba tela dogo la kulala linamtisha kuliko kontena la futi 53. Sababu iko kwenye kiungo. Kwenye lori, tela linakaa juu ya ekseli za nyuma za kichwa. Kwenye pikapu, tufe la chuma linalobeba tela liko futi kadhaa nyuma ya ekseli. Upepo ukilisukuma tela ubavuni, tela linalivuta bampa la pikapu upande, na urefu ule kati ya ekseli na tufe unafanya kazi ya wenzo. Pua ya pikapu inageuka, dereva anarekebisha, tela linajibu, na mchezo unaanza.

Likianza: achia mafuta taratibu. Shika usukani ukiwa umenyooka, usilifukuze tela kushoto na kulia. Usikanyage breki ya pikapu. Tumia kitufe cha mkono cha breki za tela peke yake, kile kilichopo kwenye dashibodi, ili tela lijivute nyuma na kunyooka. Zoea kukigusa kitufe hicho kabla ya safari, gari likiwa limesimama, mpaka mkono ukijue bila macho.

Tofautisha pia kuyumba na kusukumwa. Lori kubwa likikupita, hewa yake inakusukuma kwanza, kisha inakuvuta. Msukumo mmoja unaokufa wenyewe ni jambo la kawaida kwa tela lenye ubavu mrefu. Tela linaloendelea kupepesuka baada ya lori kuondoka, au linaloongeza upana kila likirudi, lina tatizo. Tafuta chanzo kwa mpangilio huu.

*Uzito wa shingo mdogo.* Ndicho chanzo cha kwanza kushukiwa. Ukipakia mkokoteni mzigo wote nyuma, mpini unainuka na mvutaji anakosa nguvu ya kuuongoza. Tela nalo ni vivyo hivyo. Baiskeli nne kwenye rafu ya nyuma zinatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu ziko mbali na ekseli na kila pauni yake inainua shingo. Namba ya mizani ikiwa chini ya asilimia 10, usiguse kitu kingine kwanza. Hamisha mizigo mizito ikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kisha pima upya.

*Tela limeinua pua.* Simama pembeni kwenye sakafu tambarare ulitazame. Linatakiwa kuwa sawa, au pua ichungulie chini kidogo. Likiangalia juu, teremsha kichwa cha kiungo tundu moja.

*Tairi za pikapu zimelainika.* Pikapu nyingi za nusu tani zinatoka kiwandani na tairi za abiria zenye kuta nyembamba. Zikiwa na upepo mdogo, kuta hizo zinajikunja na pikapu nzima inacheza juu yake. Jaza kama kitabu cha gari kinavyosema kwa kuvuta, tairi zikiwa baridi.

*Mwendo.* Tela linaloyumba kwa maili 70 linaweza kutulia kabisa kwa 60. California imeweka kikomo cha maili 55 kwa yeyote anayevuta, na sioni ubaya wa kuubeba mwendo huo hata ukivuka mpaka.

*Kizuizi cha kuyumba.* Nimekiweka mwisho makusudi. Vifaa vya msuguano vinasaidia tela lililopakiwa vizuri kukabili upepo. Tela lililopakiwa vibaya vinalificha tu, mpaka siku ya upepo mkali au mteremko. Na kile cha fimbo moja ya msuguano kiondoe kabla ya kurudi nyuma, kitapinda.

Pikapu imekaa nyuma, usukani umekuwa mwepesi, taa zinamulika miti

Magurudumu ya mbele yamepunguziwa uzito. Hayo ndiyo yanayogeuza gari na ndiyo yenye breki kubwa, kwa hiyo usilichukulie kama suala la sura.

Chukua tepu ya kupimia. Bila tela, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, juu kabisa ya gurudumu. Andika. Funga tela bila fimbo, pima tena. Kaza fimbo, pima mara ya tatu. Madigadi yakipanda inchi 2 na baada ya kukaza yakashuka inchi 1, umerudisha nusu. Viwanda vinatofautiana kuhusu kiasi cha kurudisha, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako, wala usikaze mpaka mbele kushuke kuliko pikapu ilivyokuwa peke yake. Ukizidisha, nyuma ya pikapu inakuwa nyepesi na itateleza kwenye mvua.

Kama pua ya pikapu haishuki hata ukikaza, ama fimbo ni za uzito mdogo kuliko shingo yako, ama kichwa cha kiungo hakijainamishwa nyuma vya kutosha. Ukifungua minyororo ya fimbo kirahisi kwa mkono bila kuinua jeki, hazifanyi kazi yoyote.

Mifuko ya hewa ya kuinulia springi za nyuma inauzwa sana. Inainua mkia, na gari linaonekana limenyooka kwenye picha. Lakini haihamishi hata pauni moja kwenda mbele jinsi fimbo zinavyofanya, na haibadilishi namba ya kibandiko. Ukiifunga, pima madigadi na mizani upya kabla ya kuiamini.

Kudundadunda na kupigwa mgongoni

Barabara kuu za zege zina maungio kila baada ya futi kadhaa, na kwenye mwendo fulani tela na pikapu vinaanza kubembea kwa zamu. Punguza au ongeza maili 5 uone. Ukiona kunatulia, ni barabara. Kusipotulia, angalia shokapu za pikapu, kisha fimbo zilizolegea. Yale makonde ya mbele na nyuma, kama mtu anayekusukuma kiti, mara nyingi yanatoka kwenye nafasi iliyopo kati ya chuma cha kiungo na tundu lake nyuma ya gari. Kuna vibano vya bei nafuu vya kukaza hapo.

Ukisikia mgongano mkubwa wa chuma, simama. Tufe la inchi 2 ndani ya kikombe cha inchi 2 na 5/16 linaweza kufungika na lisishike. Hakiki kila unapofunga: ukishabana kufuli la kikombe, inua shingo kwa jeki ya tela. Mkia wa pikapu ukiinuka pamoja nayo, kumeshika. Minyororo ya usalama ipite kwa kukingamana chini ya shingo, ili tela likichomoka shingo idondokee hapo badala ya lami.

Breki za tela hazishiki, au zinashika kupita kiasi

Breki za umeme ni rahisi kuzielewa. Pikapu inapeleka umeme kupitia waya wa bluu, sumaku ndani ya gurudumu inavutwa kwenye dramu, mkono unasukuma breki shuu. Kila sumaku ya gurudumu inakula takriban ampea 3, kwa hiyo tela la ekseli mbili lenye breki nne linatakiwa kukaribia ampea 12 ukibana kitufe mpaka mwisho.

Anza na marekebisho. Kwenye uwanja mtupu, mkavu na tambarare, nenda maili 25 kwa saa, bana kitufe cha mkono peke yake. Ongeza nguvu hatua kwa hatua mpaka magurudumu ya tela yakaribie kufunga, kisha rudisha kidogo. Fanya hivyo tela likiwa limepakiwa, na urudie kila mzigo unapobadilika sana. Breki zilizolala siku nyingi kwenye unyevu huwa na kutu inayofanya zikamate kwa ukali. Zibane mara chache taratibu ndipo upime.

Ukiongeza mpaka juu na bado ni dhaifu, ingia chini ya tela. Breki shuu za zamani hazijikazi zenyewe. Kuna gurudumu la meno la kuzungushia kupitia tundu nyuma ya bamba. Halafu angalia nyaya. Kwenye matela mengi waya wa breki unapita ndani ya bomba la ekseli kutoka gurudumu moja kwenda jingine, hauonekani, na miaka yote unasuguana na chuma humo ndani. Ngozi yake ikitoboka, breki ya upande mmoja inakufa, au dashibodi inatangaza kwamba tela limekatika kila ukipita shimo. Pima ampea, zikiwa nusu ya zinazotakiwa, au zikirukaruka, usinunue sumaku mpya kabla ya kuvuta waya mpya nje ya bomba na kuufunga vizuri.

Breki zikinuka na gurudumu moja likawa la moto kuliko mengine, kuna mambo matatu: breki imekazwa mno, beringi imekauka, au pini ya dharura, ile inayofunga breki za tela likichomoka, imevutika kidogo na tela linajifunga lenyewe. Beringi zinatakiwa kusafishwa na kutiwa grisi mpya mara moja kwa mwaka au kila maili 12,000. Ukisimama kwa mafuta, kabla ya kwenda dukani, peleka kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa. Magurudumu manne yanatakiwa kufanana.

Mlimani: joto la giaboksi na breki zinazolegea

Kipimo cha SAE kinapandisha magari mlima wa Davis Dam kule Arizona, zaidi ya maili 11, kiyoyozi kikiwa wazi, na pikapu haitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Kwa hiyo kupanda polepole injini ikinguruma si ubovu. Washa hali ya kuvuta (Tow/Haul) ili gia zisibadilike ovyo. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000. Kwenye handaki la Eisenhower, barabara ya I-70 Colorado, uko zaidi ya futi 11,000, na takriban theluthi ya nguvu imebaki bondeni.

Tazama joto la giaboksi, si la rejeta peke yake. Kwa pikapu nyingi nyuzi 200 hadi 220 za Farenhaiti wakati wa kupanda hazitishi. Likipita 240 na bado linapanda, tafuta pa kusimama, weka gia ya kuegesha, usizime injini, iache iungurume ili mafuta ya giaboksi yaendelee kuzunguka na kupoa. Likijirudia kwenye vilima vidogo, shuku mafuta ya giaboksi yaliyochoka au uzito uliozidi.

Kushuka kunahitaji uamuzi kabla ya kilele. Shusha gia ukiwa bado kileleni, kabla gari halijakimbia, uache injini ishike. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi, mwendo ushuke, kisha uachie ipoe. Kuikalia breki maili nzima kunaipika. Pedeli inakuwa laini na harufu ya kuungua inaingia ndani. Ikifika hapo, egesha, na usimwagie maji.

Tairi za tela

Baadhi ya tairi za tela zimepewa kikomo cha maili 65 kwa saa. Zijaze kama kibandiko cha tela kinavyosema. Zikiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Zikiliwa katikati, ulizidi. Upande mmoja tu, ekseli imepinda. Ekseli ya nyuma ikila tairi kuliko ya mbele, rudi uangalie kama tela limeinua pua. Umri unauona kwenye namba nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ya tela yenye miaka sita inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikapasuka siku ya joto, kwa hiyo ibadilishe hata kama inakuuma. Nati za magurudumu zikaze upya kwa spana ya kipimo baada ya maili 50 za kwanza tangu gurudumu kufunguliwa.

Taa na mafuta

Taa zikififia au indiketa ikiwasha taa zisizohusika, ni ethi. Safisha waya mweupe pale unapofungwa kwenye chesisi, na tundu saba za plagi. Taa moja ikikataa ni balbu au fyuzi.

Mafuta kushuka hadi maili 8 au 10 kwa galoni ni kawaida. Ukuta wa tela unapigana na upepo, na tiba pekee ni kupunguza mwendo.

Namba zikikataa

Kuna wakati umepanga mizigo upya, fimbo zimekazwa, na mizani bado inaonyesha pikapu imepita kibandiko chake au ekseli ya nyuma imepita kikomo chake. Hakuna springi, mfuko wa hewa wala tairi itakayobadilisha kikomo hicho. Kwanza hamisha kila kizito kutoka bodi ya pikapu kwenda ndani ya tela, juu ya ekseli zake. Mwaga maji ya tangi, uyajaze kambini. Kuni, nunua ukifika. Hatua hizo tatu zinaweza kuokoa pauni mia kadhaa, na kwa familia nyingi zinatosha. Zisipotosha, chagua kati ya tela jepesi na pikapu ya robo tatu tani, na upime vyote viwili kwa hesabu ileile ya mlango wa dereva kabla ya kutia sahihi.